Udalali wangu ulianza upya makaburini

Mteja wangu mkubwa wa mwaka huu sikumtafuta mimi. Alinipigia Jumapili jioni, mama mmoja anayefanya kazi Dar es Salaam lakini kwao Masasi, anataka kiwanja hapa Mtwara mjini awajengee wazazi wake karibu na hospitali. Nikamuuliza namba yangu kaipata wapi. Akamtaja muuguzi mmoja wa hapa mjini. Muuguzi huyo hajawahi kununua kiwanja kwangu, hajawahi hata kupanga chumba kupitia kwangu. Ananifahamu kwa sababu kila baada ya miezi mitatu nampelekea mkono wangu, anatafuta mshipa, natoa damu, nakunywa soda yangu naondoka.

"Kaniambia kama ni dalali, nimtafute yule anayechangia damu," yule mama akasema. "Eti huyo hata akikosea, wanajua pa kumpata."

Mtu asiye wa kazi yetu anaweza asiuone uzito wa maneno hayo. Mimi yalinikesheza. Nafanya udalali wa nyumba na viwanja tangu 2012, na hakuna sifa niliyowahi kuitamani kuliko hiyo, kwamba wanajua pa kunipata.

Nawaandikia madalali wenzangu, hasa vijana wanaoanza, wanaodhani kusaidia jamii ni kazi ya makampuni na waheshimiwa wanaokuja na hundi kubwa ya karatasi ngumu, wakapigwa picha, wakaondoka. Nataka nilitaje neno faida waziwazi, maana wengi tunalionea haya likikaa karibu na neno sadaka. Mimi nimefaidika. Biashara yangu imesimama kwa sababu ya Jumamosi nilizokwenda kufanya kazi ambayo hainilipi shilingi. Nitaeleza ilivyokuwa, na nitaeleza pia nilipokosea, kwa sababu nilikosea kabla sijapatia.

Tuanze na jina letu lilivyo. Hapa mjini ukisema wewe ni dalali, watu wanashika mifuko, na sababu wanazo. Mji huu umeshaahidiwa mengi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na mpango wa karanga. Ikajengwa bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikufua dafu, na miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Leo limebaki jina la kata ya Reli. Halafu ikaja gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, lakini moto wenyewe uliwaka zama hizi za bomba la kwenda Dar es Salaam. Mimi nilianza udalali moto huo ukiwa umekolea. Nyumba za Shangani zilitajwa kwa dola. Viwanja vya huku Naliendele na Mangamba vilibadilisha mikono mara tatu kabla nyasi hazijafyekwa. Kila kijana mwenye simu na bodaboda akawa dalali.

Na tulifanya mabaya. Tulipiga cha juu: mwenye mali anataka milioni tatu, mteja anaambiwa tano, ya katikati inaliwa kijiweni. Tulichukua hela ya kuonyeshwa kwa watu kumi kwa pagala moja ambalo tulijua limeshalipiwa. Kisha wageni wakapungua, mageti ya Shangani yakafungwa, walioazima benki wajenge nyumba za wageni wakabaki na madeni. Waliokuwa wanapita walipita. Tuliobaki ni watu wa mtaa, na sisi madalali tuliowauza.

Kosa langu kubwa ni la 2014. Nilimuuzia mwalimu mmoja kiwanja cha hatua thelathini kwa arobaini. Muuzaji alikuwa mtoto wa marehemu mwenye shamba, ana karatasi, ana mashahidi, mhuri wa serikali ya mtaa upo. Sikuuliza zaidi, nilitaka asilimia kumi yangu. Miezi minne baadaye mwalimu alikuta matofali yake yamevunjwa na watu wazima watano wamekaa chini ya mkorosho wanamngoja. Walikuwa watoto wa dada wa marehemu.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo wa jadi unafuata upande wa mama. Mtoto wa kuzaa ana lake, lakini mpwa naye ana neno, na mjomba ana neno kuliko wote. Sheria nayo inasema mali ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi. Yule kijana hakuwa ameteuliwa na mtu yeyote. Mwalimu alizunguka mabaraza ya ardhi akarudishiwa sehemu ya pesa yake, kidogo kidogo, na pesa yenyewe ilikuwa ya mkopo. Mimi nilimrudishia udalali wangu wote kwa mwaka mzima, nikitoa elfu ishirini, elfu thelathini. Mtaani niliitwa tapeli. Nilikuwa nikitoka kazini napita njia ya nyuma.

Machi 2016 mama yangu alifariki.

Nilikuwa sina hali, fedha wala kichwa. Nikatoka nje alfajiri nikakuta wanaume wameshakaa barazani na majembe. Hakuna niliyemwita. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na ardhi ya kwetu ni mchanga. Ukichimba kaburi wakati huo kuta zinamomonyoka, unachota unajaza, unachota unajaza. Walichimba hivyo tangu asubuhi, mmoja ndani, wawili juu, wanapokezana bila kuambizana. Mwanandani ulibomoka mara mbili. Mara ya tatu mzee mmoja aliagiza mbao wakazuia upande mmoja, akaingia mwenyewe, na umri ule, akauchonga kwa mkono. Nilisimama pembeni nikawahesabu. Yule mwalimu alikuwepo. Alishika jembe zamu mbili, akanawa, akaja akanipa mkono wa pole kama wengine.

Tuna msemo wa kufa na kuzikana. Siku ile nilijiuliza mimi nimemzika nani. Miaka yote ile kwenye misiba nilikuwa natuma elfu tano kwa simu nikiwa njiani kumwonyesha mteja nyumba.

Arobaini ilipoisha nilimfuata yule mzee nikamuuliza nimlipe nini. Akaniambia Jumamosi wanafyeka makaburi, nije na fyekeo. Nilikwenda. Hapo ndipo kwenye mwanzo wa kazi yangu ya pili, nami sikwenda kwa hesabu ya biashara hata kidogo. Nilikwenda kwa sababu niliona aibu.

Makaburi yetu ni makubwa kuliko yanavyoonekana barabarani. Upande wa mbele yana saruji na vigae, nyuma ni ya zamani, mengine hayana alama isipokuwa jiwe la tumbawe kichwani na jingine miguuni. Tulikuwa watu kumi na wawili Jumamosi ya kwanza, wengi wazee. Kazi ni kufyeka, kuokota miba, kuinua mawe yaliyoanguka. Wazee wakifyeka wanaongea. Wakifika kaburi hili wanataja mwenyewe, alikuwa na shamba wapi, alimwoa nani, aligombana na nani juu ya mnazi gani. Mwaka wa kwanza nilisikiliza tu. Mwaka wa pili nikagundua nimekaa kwenye masijala ya ardhi ya mji huu, ile ambayo haijaandikwa popote.

Tukio la 2017 ndilo lililonifungua macho kabisa. Ulikuwa msimu wa korosho, Novemba, fedha za mnada zimeingia, na mnaojua Mtwara mnajua mwezi huo bati, viwanja na pikipiki vinatoka kama maandazi. Nilikuwa na mteja kutoka Newala, mama mkulima, ana fedha taslimu, anataka eneo nililokuwa nalo huku nje ya mji. Karatasi safi. Muuzaji mtu mzima. Tulipanga kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa Jumatatu.

Jumamosi, tumekaa kivulini tunakunywa uji, yule mzee akaniuliza, "Mwanangu, nasikia unauza lile la chini kule, penye mbuyu."

"Ndiyo, mzee. Jumatatu Mungu akipenda."

"Wajukuu waliolala pale umewaambia?"

Sikumwelewa. Akachukua panga, akachora mchangani: mbuyu hapa, njia hapa, mkorosho mkongwe wa mpaka hapa. Kisha akachoma ncha ya panga mara mbili ndani ya mraba wangu. Uji haukuisha, tulikwenda. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye kichaka cha mkwaju, akakaa kitako, akaanza kukwangua majani kwa kiganja. Likatoka jiwe la tumbawe, limeliwa na mvua, kimo cha kiko cha mkono. Hatua mbili mbele, jingine. Halafu mawili madogo zaidi. Watoto wawili wa familia ile, walikufa kwa surua zamani, wakazikwa shambani. Muuzaji hakuwa na habari nao, alilelewa Lindi. Na mjomba wa familia, ambaye hakuna aliyemtaja kwenye karatasi zangu, alikuwa hai Mikindani.

Nilimpigia mama wa Newala nikamwambia asilete fedha. Nikampigia muuzaji nikamweleza aende kwa mjomba wake. Udalali ule ulipotea, na ilikuwa fedha ya kumaliza mwaka. Lakini familia ilikaa. Mjomba akaitwa, mahakama ikamteua msimamizi, makaburi yakatengwa na njia yake, na lililobaki likauzwa mwaka uliofuata. Kwa nani? Kwa mama yule yule wa Newala, ambaye alikuwa ameningoja. Tangu hapo ameniletea ndugu na majirani zake watatu, na kila mmoja anaanza kwa kusema, "Wewe ndiye uliyekataa fedha za dada."

Nataka mwenzangu uone kilichotokea pale. Kazi yetu haisomewi, hatuna cheti ukutani. Tunachouza hasa ni uhakika kwamba mtu akiweka tofali halitavunjwa. Uhakika huo hauko kwenye karatasi peke yake. Karatasi ni lazima: umiliki ukaguliwe ofisi ya ardhi kama eneo limepimwa, mwenza wa muuzaji aridhie kama ni nyumba ya familia, mirathi iwe na msimamizi, majirani wa pande nne wasimame kwenye mipaka. Lakini anayejua kwamba jirani wa upande wa nne ameletwa wa kukodi ni mzee wa mtaa, na mzee wa mtaa hakuambii neno kama hilo kwa sababu umemnunulia soda. Anakuambia kwa sababu mmefyeka pamoja miaka miwili na anakuhesabu ni mtu wake. Nimewaona madalali wakimkuta mzee huyo huyo na kumpa elfu kumi ya kumuuliza habari za kiwanja. Aliipokea, akashukuru, akawaambia hajui.

Sasa nilipokosea. Kabla ya haya yote, 2013, nilikuwa nimejaribu hisani ya matangazo. Nilichapisha madaftari mia mbili, jalada lina jina langu na namba ya simu, nikayapeleka shule ya msingi moja, nikapigwa picha na watoto wamesimama mstari juani. Sikupata simu hata moja. Na ni haki yangu, kwa sababu sikumuuliza mtu yeyote pale wanahitaji nini. Miaka mitano baadaye, nikiwa nimeingizwa kwenye mambo ya shule hiyo hiyo na wazee wa makaburini, ndipo nilipokwenda nyuma ya madarasa nikaona vyoo. Mwongozo wa nchi unataka tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Pale foleni ya wasichana wakati wa mapumziko ilizunguka kona. Milango miwili ilikuwa magunia. Mwalimu wa kike alinieleza kwa sauti ya chini kwamba kuna mabinti wa darasa la sita na la saba wasioonekana siku kadhaa kila mwezi, na sababu ni hiyo milango. Nami niliwapelekea watoto hao madaftari yenye namba yangu.

Tulikuwa madalali watano kwenye kijiwe chetu. Niliwaeleza, wawili wakacheka, watatu wakabaki. Tukakubaliana kila chumba kikipangishwa, elfu tano inatoka. Kila kiwanja kikiuzwa, elfu hamsini. Fedha hatukai nazo sisi. Anakaa nazo mama lishe wa kijiweni, kwenye daftari lake, na ukichelewa kuleta hakupi chai mpaka ulete. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Marekani wana utaratibu unaofanana na wetu: kampuni ya RE/MAX tangu 1992 inashirikiana na mtandao wa Children's Miracle Network, dalali akifunga mauzo anatenga sehemu ya kamisheni yake iende hospitali ya watoto ya eneo lake. Nilifurahi kuona wakubwa nao wanakata kwenye kila mauzo badala ya kungoja mwisho wa mwaka mtu ajisikie. Kinachokatwa papo hapo hukioni kikiondoka.

Ilituchukua miezi kumi na minne kupata matundu manne. Na hapa nitoe ushauri wa kienyeji. Mtwara ina kalenda yake, usipoifuata utachoka bure. Oktoba mpaka Januari watu wana fedha ya korosho. Hapo ndipo pa kupitisha daftari la mchango, na hata mkulima mdogo atatoa mfuko wa saruji kwa moyo. Kuanzia Februari usimfuate mtu na daftari. Fedha imekwenda kwenye ada na sare, mvua inanyesha, na mashamba yanangoja palizi. Miezi hiyo omba mikono: kuchimba shimo, kusomba mchanga, kumwaga kokoto. Sisi shimo tulichimba wakati wa mvua kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, saruji ikaja Novemba. Bibi mmoja wa kamati ya shule hakukubali kupokea kazi mpaka kila mlango uwekewe komeo kwa ndani, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza akifike. Fundi alikuwa ameyaweka juu. Bibi alimleta mjukuu wake, akamsimamisha ndani ya tundu, akamwambia afunge. Mtoto akanyoosha mkono, hakufika. Makomeo yote manne yakang'olewa yakashushwa siku ile ile.

Faida ya vyoo vile kwangu ilikuja kwa milango ambayo sikuitarajia. Wa kwanza ni fundi. Mnunuzi wa kiwanja akishapata karatasi zake swali lake la pili ni "Nipatie fundi mwaminifu." Zamani nilikuwa nataja yeyote anayenipa kitu kidogo. Sasa nimekaa na mafundi miezi mizima kwenye kazi isiyo na msimamizi mkali, nimeona nani alikoroga zege kama anajenga kwake na nani alipunja. Nikimpeleka fundi kwa mteja najua ninachokisema. Wa pili ni watumishi. Mwalimu akihamishiwa hapa, wa kwanza kuulizwa habari za chumba ni mwalimu mkuu. Muuguzi naye akiripoti kazini anamuuliza mwenzake. Hao ndio wapangaji bora wa mji wowote: mshahara upo, wanakaa miaka, hawatoroki na bili ya maji. Leo karibu nusu ya vyumba ninavyopangisha ni vya watumishi, na sijabandika tangazo ukutani muda mrefu.

Kuna jambo jingine ambalo ni letu madalali tu, na ndilo nalipenda kuliko yote. Aprili 2019 ilitangazwa kwamba kimbunga Kenneth kinakuja. Watu wa mabondeni na kando ya bahari waliambiwa waondoke, shule na ofisi zikafungwa. Mimi nilikuwa na funguo za nyumba tatu imara, mbali na ufukwe, hazina wapangaji. Nikawapigia wenye nyumba mmoja mmoja, wote wako mbali. Nikawaambia nataka kuingiza familia zilale, nitawajibika kwa kila kitasa. Mmoja alikataa, wawili wakakubali. Zililala familia saba. Akina mama walikuja na masufuria, watoto na kuku wao. Usiku tulisikiliza upepo. Tarehe 25 kimbunga kiligeukia Cabo Delgado kikawaumiza majirani zetu wa Msumbiji, na wengi hapa tuna ndugu kule, kwa hiyo hakuna aliyeshangilia. Asubuhi akina mama walipiga deki nyumba zote mbili mpaka madirisha. Niliwapigia picha sakafu wenye nyumba wakaona. Mmoja wao tangu hapo amenikabidhi nyumba zake zote mjini, hata Mikindani. Aliyekataa simlaumu, mali ni yake.

Dalali hana fedha nyingi, lakini ana funguo, ana namba za simu za wenye nyumba, anajua chumba gani kiko wazi leo na mama gani ametolewa vitu nje kwa kodi ya miezi miwili. Vitu hivyo usiku mmoja vinaweza kuwa na thamani kuliko hundi.

Kuhusu damu sina maneno mengi kwa sababu ni jambo jepesi. Ukiwa na afya, una miaka 18 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu, unaweza. Mwanaume kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Nusu saa umemaliza. Nilianza baada ya dada wa jirani yangu kujifungua vibaya na ndugu wakazunguka usiku kutafuta mtu wa kundi lake. Alipona. Wengine hawaponi, na mtu mzima mwenye damu yake mwilini amelala nyumba ya tatu.

Nilimuuliza shehe wetu swali lililokuwa linanisumbua. Ninafanya haya na ninapata wateja, je, thawabu si nimeshaila hapa hapa duniani? Akanikumbusha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, kisha akaniuliza, "Mwaka ule uliopoteza udalali wa kile kiwanja, Jumamosi iliyofuata ulikwenda makaburini?" Nikamjibu nilikwenda. Akasema basi niendelee, na niwe najiuliza swali hilo kila mwaka. Najiuliza. Kuna mwaka jibu lilikuwa zito kidogo.

Wengine huniuliza habari ya kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani kutolewa kwenye hesabu, isizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kwa kampuni yenye vitabu ni sawa. Kwa sisi tunaolipa kwa makadirio haitugusi, kwa hiyo usianzie huko.

Ila kuna mambo nakuomba uyaepuke. Mwaka wa uchaguzi usianzishe kitu kipya. Utaonekana unatafuta udiwani, na kazi yako itaitwa ya chama fulani hata ukikana. Usimpige picha mtoto unayempa kitu. Usiahidi mbele ya mkutano kitu ambacho fedha yake haiko tayari, kwa sababu mji huu unakumbuka ahadi. Na usiende mara moja. Mara moja ni tangazo, watu wanajua. Mimi nilifyeka miezi kumi na tatu kabla mtu hajaniuliza chumba.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa kijiweni, ana mwaka mmoja kwenye kazi, ana akili na ana haraka, aliniuliza aanzie wapi. Nikamwambia Jumamosi saa kumi na mbili na nusu, makaburini, aje na fyekeo. Alikuja saa moja na nusu, ana raba nyeupe, mikono mitupu. Yule mzee, ambaye sasa hafyeki tena, anakaa kwenye kigoda chini ya mwembe na kuelekeza, alimtazama kuanzia miguuni. Kijana akaamkia. Mzee akaitika marahaba, akamuuliza yeye ni wa nani, akatajiwa babu, akanyamaza kidogo akitafuta.

"Babu yako yuko pale nyuma, mstari wa tatu, penye mkwakwa," akamwambia. "Amefunikwa na miba. Chukua fyekeo la huyu, anza na yeye."

Nikampa fyekeo langu.